Rejeta ya safu nne ilivyoshindwa na mlima wa Newala

Gari lilisimama nusu ya mlima, ukitoka Masasi kwenda Newala, likiwa na mifuko 30 ya salfa ya mikorosho nyuma. Mshale wa geji ya joto ulikuwa umelala kwenye nyekundu na mvuke unatoka kwenye grili. Mzee mwenye gari alikaa juu ya jiwe kando ya barabara, akanipigia simu.

"Njomba," akasema, "rejeta yetu mpya imechemsha."

Alisema "yetu" bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonichoma. Rejeta ile tuliichagua mimi na yeye, tukailipia kuliko zote tulizoziona, na tukaamini kwamba habari ya joto imeisha. Nataka kueleza tulikosea wapi, kwa sababu kosa lenyewe naliona kila mahali watu wanapohamishia injini ya kisasa kwenye gari la zamani.

Gari ni Land Rover Series III ya 109, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 109 ni umbali wa kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa inchi. Lilitoka kiwandani na injini ya petroli ya cc 2,286, na injini hiyo ilimhudumia mzee miaka mingi kati ya nyumbani kwake Mikindani na mashamba yake ya mikorosho upande wa Newala. Bloku ilipopasuka, hakutaka kusikia habari ya kuuza gari. Alinunua injini ya Toyota 3L ya mtumba, dizeli ya cc 2,779, ile iliyokuwa kwenye Hiace na Hilux. Ukiwa na 3L, kuanzia Lindi hadi Masasi hukosi duka lenye filta yake, na hukosi fundi aliyekwisha kuifungua. Kazi ya kuikutanisha na gia boksi ya Land Rover ilichukua siku zake, lakini ilikwenda sawa na sitaielezea hapa. Mwisho tukabaki na nafasi tupu kati ya injini na grili.

Kabla ya kusema rejeta gani, lazima ujue injini inamwaga joto kiasi gani kwenye maji. 3L ni dizeli ya namna ya zamani: mafuta yanawaka kwanza kwenye chumba kidogo kilichomo ndani ya hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, halafu moto ndiyo unaingia silinda. Chumba hicho kimezungukwa na maji, kwa hiyo joto jingi linaishia huko. Kwa injini za namna hii mimi hukadiria kwamba joto linaloingia kwenye maji linakaribia kulingana na nguvu inayotoka kwenye kranki. 3L ina nguvu za farasi 90 hivi, yaani kama kilowati 67 ukikanyaga mafuta yote. Injini ya petroli iliyotoka ilikuwa chini ya hapo. Halafu kuna jambo ambalo kila fundi wa Toyota analijua: hedi za ukoo wa 2L na 3L hazisamehi. Ukiichemsha mara moja vibaya, inapasuka kati ya valvu, na baada ya hapo unafukuzana na mapovu kwenye rejeta mpaka ubadilishe hedi.

Tulikuwa na njia tatu. Rejeta yenyewe ya Land Rover ilikuwepo, ya shaba, lakini mirija kadhaa ilikuwa imezibwa kwa risasi na mafundi waliopita, na iliyobaki ilikuwa na magamba meupe ndani. Ya pili ilikuwa rejeta mpya ya Hilux, alumini yenye tanki za plastiki, inayopatikana madukani kwa bei nyepesi. Ya tatu ilikuwa kuagiza Dar es Salaam rejeta ya shaba iliyotengenezwa kwa fremu ya Land Rover, na hapo muuzaji akatuuliza: safu mbili za mirija, tatu au nne?

Mzee akaniangalia. "Mwanangu, nne si ndiyo zaidi?"

Nami nikakubali. Nilifikiri kama alivyofikiri yeye: maji mengi, shaba nyingi, ubaridi mwingi. Ilipofika ilikuwa nzito kiasi kwamba tuliibeba watu wawili, na unene wake ulikuwa kama mara mbili ya ile ya zamani. Tuliifunga, tukaweka hozi, tukazunguka nayo mjini siku mbili. Geji haikutikisika. Tukaenda nayo hadi Lindi na kurudi, kilomita 100 na kitu kila upande, kwa mwendo wa 70, geji ikabaki katikati. Nikamkabidhi mzee funguo.

Hapo ndipo lilipo kosa langu la kwanza, nalo halihusu rejeta. Nilipima gari mahali ambapo halipati shida. Barabarani kwa mwendo wa 70, upepo wa mwendo unatosha hata kama feni imekufa. Mjini gari tupu halitoi joto la maana. Shida inakuja injini inapofanya kazi kwa nguvu zote huku gari likitambaa, na huku kwetu shida hiyo ina jina: kupanda Newala ukitokea bondeni, umebeba, gia ya pili, kilomita 18 kwa saa. Ukifika juu, Shimo la Mungu, ule ukingo wa genge pale Newala, linakuonyesha umetoka chini kiasi gani.

Baada ya gari kupoa na kushuka salama, tulimshukuru Mungu kwamba mzee alizima injini mapema. Hedi ilikuwa nzima. Sasa tukaamua kupima kabla ya kubadilisha chochote. Nina mita ya umeme yenye waya wa kupimia joto, nikaazima nyingine. Waya mmoja tuliufunga kwenye bomba la juu la rejeta, wa pili kwenye bomba la chini, tukavifunika kwa kitambaa na selotepu nyeusi ili upepo wa feni usidanganye, tukaingiza nyaya ndani ya kabini. Halafu tukarudi mlimani na mzigo uleule.

Nusu ya mlima, bomba la juu lilisoma nyuzi 104 na la chini 100, na zote mbili zinapanda. Tukasimama.

Tofauti ile ya nyuzi 4 ndiyo iliyosema kila kitu. Kama maji yangekuwa hayapiti, kwa pampu mbovu au mirija iliyoziba, maji machache yangekaa muda mrefu ndani ya rejeta na kutoka chini yakiwa yamepoa sana: ungeona juu 104 na chini 75, kwa mfano. Sisi tuliona maji yanaingia ya moto na kutoka karibu ya moto vilevile. Yaani yanapita vizuri, themostati (valvu inayofungulia maji yakipata moto) imefunguka, pampu ni nzima, ila yakifika kwenye rejeta hayakuti mtu wa kumwachia joto.

Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla ya kuagiza. Lita moja ya maji ikishuka nyuzi 7 inatoa kilojuli 29 hivi. Hewa ni nyepesi: mita moja ya ujazo, ikipashwa joto kwa nyuzi 30, inabeba kilojuli 35 tu. Kwa hiyo kila lita ya maji inayopita kwenye rejeta inataka zaidi ya lita 800 za hewa zipite katikati ya mirija. Ni zaidi ya ndoo 40 za lita 20, kwa lita moja ya maji. Na pampu ikisukuma lita 80 kwa dakika, tunahitaji zaidi ya mita moja ya ujazo ya hewa kila sekunde. Sasa gari linakwenda kilomita 18 kwa saa, ambayo ni mita 5 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya upepo huo inagonga grili na kukimbilia pembeni. Anayebaki wa kuvuta hewa ni feni.

Tukaiangalia feni. Ilikuwa feni ya Toyota yenyewe, klachi yake nzima: ikiwa ya moto ukiizungusha kwa mkono inakataa, kama inavyotakiwa. Lakini injini ya 3L ilikaa nyuma zaidi kuliko ile ya Land Rover. Kati ya mapanga ya feni na mgongo wa rejeta kulikuwa na sentimita 9. Na hakukuwa na kava la feni, lile linaloifanya feni ivute hewa kupitia rejeta nzima. Lile la zamani la Land Rover halikukaa kwenye rejeta nene, tukaliweka kando tukisema tutalitengeneza siku nyingine.

Mzee alichukua karatasi ya daftari, akaiweka mbele ya grili injini ikiwa inanguruma. Katikati ilishikwa ikanata. Akaisogeza kona ya juu, ikaanguka chini. Kona ya chini, ikaanguka. Akainama, akaiokota, akarudia tena pole pole, akaniangalia bila kusema neno. Feni ilikuwa inavuta hewa kwenye duara dogo la katikati, na hewa nyingine ilikuwa inaitoa pembeni, kwenye joto la injini yenyewe. Zaidi ya nusu ya rejeta tuliyoinunua kwa bei ile ilikuwa ukuta.

Na unene ulikuwa unatuumiza. Hewa ikipita safu ya kwanza inapata joto, ya pili zaidi, ikifika ya nne imeshakuwa ya moto na haina kazi kubwa ya kufanya. Wakati huohuo kila safu inaongeza ugumu wa kupita. Feni yenye nguvu na kava zuri inaweza kumudu ugumu huo, na ndiyo maana malori yana rejeta nene. Feni yetu, mbali na wazi, haikuweza.

Ili nijue kila kitu kimechangia kiasi gani, tulitengeneza kava kwanza na kuacha rejeta ileile. Tulikata pipa la mafuta, tukakunja bati lake likafuata kingo za rejeta, tukatoboa duara la feni na kuacha sentimita 2 kuzunguka mapanga. Kina tulikipanga hivi kwamba nusu ya upana wa panga iko ndani ya duara na nusu nje, ili hewa ipate njia ya kutokea. Mlimani, mzigo uleule: juu 99, chini 93, ikatulia hapo. Gari lilifika Newala. Bati la pipa lilifanya kazi kuliko safu mbili za shaba.

Ningeweza kuishia hapo, na mzee alikuwa tayari kuishia hapo. Mimi sikuridhika. Nyuzi 99 mwezi wa Juni, wakati kusi inavuma na hewa ni baridi, ni kitu gani mwezi wa Novemba? Hedi ya 3L sikutaka kuipigia kamari.

Safari hii tulianza kwa kupima nafasi. Series III taa zake za mbele ziko kwenye madigadi, kwa hiyo paneli ya katikati iko huru, na tulipokata midomo ya chuma ya pembeni tulipata sentimita 5 kila upande. Upana huo ni hewa baridi mpya, ambayo haijaguswa na safu nyingine. Tukaagiza rejeta ya safu tatu, pana zaidi, na kwa kuwa ni nyembamba tuliweza kuirudisha nyuma mpaka sentimita 4 kutoka kwenye feni. Kuirudisha kuliacha mwanya mbele, kati ya grili na rejeta, ambao hewa ingeutumia kukimbilia pembeni. Tuliuziba kwa vipande vya tyubu ya gari, tukavibana kwa bolti ndogo. Ni kazi ya saa moja ambayo wengi hawaifanyi.

Kwa nini hatukuchukua ile ya Hilux? Hapa mimi na mzee tulibishana kweli. Kwa kupooza, sina neno baya juu yake. Shaba inapitisha joto kuliko alumini, lakini mirija ya alumini hutengenezwa mipana, inagusana na zile nyavu za katikati eneo kubwa, na rejeta inatoka nyepesi yenye uwezo uleule. Kama gari hili lingekuwa la kuzunguka Mtwara mjini, ningeifunga hiyo na kumrudishia mzee hela yake.

"Ikipasuka plastiki Kitangari," mzee akaniuliza, "nani ataichomea?"

Sikuwa na jibu. Tanki la plastiki limebanwa kwenye alumini kwa meno, katikati kuna mpira; likipata ufa unatafuta lingine. Shaba ikitoboka, karibu kila mji mdogo una mtu mwenye moto, risasi na asidi, na baada ya saa moja unaondoka. Chesisi ya Land Rover kwenye barabara ya vumbi inajipinda na kutikisa kila kilichofungwa juu yake. Hapo nikamwachia mzee ushindi, na naamini alikuwa sahihi kwa barabara zake. Tulichoongeza ni mipira minene chini ya miguu ya rejeta ili isishikwe kavu na paneli.

Mambo mawili madogo yalitaka kutuharibia. La kwanza ni mfuniko. Tulitaka presha ya 0.9 (baa 0.9 hivi), ile iliyogongwa juu ya mifuniko mingi ya Toyota, kwa sababu kwa presha hiyo maji safi yanachemka karibu na nyuzi 118 badala ya 100. Mfuniko wa zamani wa gari hili ulikuwa wa presha ya chini ya hapo. Lakini shingo za rejeta hazina kina kimoja. Ukiweka mfuniko mfupi kwenye shingo ndefu, unafunga vizuri, unaonekana umekaa, na springi yake haigusi chochote. Unaendesha gari lisilo na presha hata kidogo. Tulimwambia mtengenezaji aweke shingo ya Toyota, na tukaijaribu kwa mfuniko mpya kabla ya kulipa.

La pili ni hewa iliyonasa ndani. Bomba la juu la 3L, baada ya injini kukaa kwa mlalo wake mpya, lilikuwa juu kidogo kuliko tanki la juu la rejeta. Ukijaza maji gari likiwa sawasawa, povu linabaki kwenye hedi, na hedi ndiyo sehemu ambayo hutaki povu. Tunapandisha magurudumu ya mbele kwenye mbao, tunajaza pole pole huku tunaminya hozi ya juu kwa mkono, tunawasha bila mfuniko hadi themostati ifunguke, tunaongeza. Tumeweka pia kopo la akiba lenye mpira unaoingia chini ya maji, ili rejeta ikipoa ivute maji na isivute hewa.

Kuhusu maji yenyewe, zile rejeta za zamani zilizoziba zilikufa kwa maji ya visima. Pwani yetu ina chumvi na chokaa, na magamba meupe yale ni chokaa iliyobaki ndani ya mirija. Mzee alikuja na madumu mawili ya maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati la nyumba ya shambani kwake, huko juu ambako watu wa uwanda wa Makonde wamekinga mvua miaka yote kwa kuwa visima ni haba. Tuliyachuja kwa kitambaa, tukachanganya nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta. Nilimwomba asiongeze maji ya bomba hata njiani, abebe dumu lake.

Tulirudi mlimani Novemba, jua la saa nane mchana, gari limebeba saruji yenye uzito kama ule wa salfa. Nilishika mita zote mbili mapajani. Chini ya mlima, bomba la juu lilisoma 88. Gia ya pili, mafuta yote, ikapanda: 91, 93, 95. Bomba la chini 88. Ikakaa hapo. Tofauti ya nyuzi 7, karibu mara mbili ya siku ile, na pampu ni ileile. Mzee aliendesha bila kuuliza mpaka tulipopita lile jiwe lake, ndipo akasema, "Ngapi?"

"Tisini na tano, mzee. Imesimama."

Akabadilisha gia.

Tangu hapo kumekuwa na tatizo moja: mshono wa tanki la chini ulianza kutoa tone baada ya miezi miwili. Mzee alipita kwa fundi rejeta Masasi, mshono ukakaushwa, ukapigwa risasi upya, naye akala chakula cha mchana na kuendelea. Kona ile ya paneli tuliyoikata bado inacheza kidogo ukiishika kwa mkono, na nimemwambia alete gari kabla ya masika ili tuongeze kipande cha angaini (chuma cha pembe) upande wa kushoto.